Karani Mwenye Mguu Mfupi

Katika shule ya msingi karibu na Kiptere, nilikofundisha miaka ya tisini, mtoto mlemavu alikuwa na kazi moja tu wakati wa michezo: kuchunga sweta za wenzake. Darasa langu lilikuwa na msichana mwenye mguu mfupi, na kila kipindi alikaa kando ya uwanja na rundo la sweta. Mwalimu mkuu aliita hiyo huruma. Mimi ilinikera, nikabuni mchezo ambao hata msichana huyo angecheza.

Mpira hatukuwa nao, lakini vikapu vya chai vilikuwa kila nyumba. Watoto wangekimbia kichakani, wajaze majani, wampelekee karani ayakague kama kwenye kituo cha kuuzia chai. Karani nilimfanya yule mwenye mguu mfupi, nikampa kiti changu.

Wa kwanza kufika alikuwa msichana mkubwa aliyezoea kuiga mwendo wa karani ili darasa licheke. Karani aliyachambua majani polepole, kisha akamwaga kikapu chote kwenye tope.

"Haya yamezeeka. Okota, urudie."

Yule mkubwa alipiga magoti, akaokota. Alipoleta tena, yakamwagwa tena. Darasa lililozoea kumcheka karani sasa lilimcheka yeye. Filimbi ilikuwa mdomoni mwangu na sikuipuliza.

"Sasa rudi na magoti," karani akasema. "Nataka kuona vile unatembea."

Kipindi kilichofuata, kabla hatujaanza, yule msichana mkubwa alinijia, akaomba achunge sweta.