Linval na Mto wa Majivu

Linval alipokataliwa mara ya kwanza kuwa ofisa wa jeshi, mimi nilifurahi. Sioni haya kusema. Mjukuu wangu alirudi kutoka Kingston na bahasha, akakaa kwenye ngazi ya jiko, akanisomea walichomwandikia: mwili anao, akili anayo, ila kila kitu anakifanya peke yake. Wenzake hawatumii.

"Na kosa liko wapi hapo?" nikamwuliza.

"Hilo ndilo kosa lenyewe, Bibi."

"Basi hao wakubwa wamelelewa na mayaya. Mtu anayejifanyia mambo yake ndiye wa kurudishwa nyumbani? Kula kiazi chako kabla hakijapoa."

Moyoni nilijisifu, maana aliyemfundisha hivyo ni mimi. Mama yake aliniachia mtoto wa miaka minne, akaenda Uingereza kuuguza watu. Nikamlea bila kumgongea mtu mlango. Kwetu huku milimani, juu ya Mandeville, mto hakuna. Mvua ikinyesha, maji yanatoka kwenye bati yanaingia tangini, na isiponyesha kila mtu na tangi lake. Langu lilipasuka mwaka wa ukame mkubwa. Ndipo jirani yangu Swaby, mwenye tangi kubwa kama kanisa, akasimama ibadani akasema, "Ndugu, tumkumbuke Bi Icilda. Hana mwanamume wa kumzibia tangi. Aje achote kwangu."

Mbele ya watu wote!

Nikachukua ndoo na kata yangu ya kichwani. Ukitoka langoni kwangu, kushoto ni kwa Swaby, hatua ishirini. Kulia ni njia ya tangi la serikali, maili nzima ya mlima. Nikageuka kulia. Nilikwenda kulia ukame wote, nikipita na ndoo kichwani, shingo imenyooka, na Linval nyuma yangu na kidumu chake. Tangi nililiziba mwenyewe kwa saruji. Swaby sikumsemesha tena. Linval alipokataliwa, ilikuwa inatimia miaka tisa.

Walimwambia anaweza kujaribu mara moja tu tena, baada ya miaka miwili. Akishindwa, basi, milele. Hakukaa akilia. Siku za kazi aliuza mbolea na mapanga katika duka la wakulima mjini, na Jumapili akajiunga na jeshi la akiba, askari wa chini kuliko wote.

"Ulitaka kuwa ofisa, sasa unakwenda kufagia uwanja?" nikamwambia.

"Huko hakuna cha peke yako, Bibi. Hata chooni sajenti anataka ajue unakwenda na nani."

Niligomba kwa sababu ya ibada, lakini sare yake niliipiga pasi. Nilikuna muhogo, nikaukamua, nikachuja wanga wake mweupe, nikaitia ile kombati, halafu pasi ya mkaa. Ukiisimamisha chini inasimama yenyewe kama mtu. Sajenti wake siku za kazi alikuwa fundi wa majeneza, na Linval aliniapia kwamba akikutazama unajihisi unapimwa. Siku moja alizunguka nyuma ya Linval mara mbili, akauliza, "Nani kakupigia pasi?"

"Bibi yangu, Sajenti."

"Mwambie nikifa anipigie mimi."

Nilitembea na sifa hiyo mwezi mzima.

Jumapili jioni alirudi na matope hadi masikioni, njaa ya punda. Nilimwekea maharage mekundu na mkia wa nguruwe, naye akasimulia huku kinywa kimejaa: nani kaanguka, nani kapoteza kofia, nani kambeba nani. Mimi nilijifanya nashona. Jioni zile nazitamani hata leo. Amekuja kunitembelea na nyota mabegani, na dereva, na keki ya dukani, lakini yule askari wa matope simpati tena.

Miezi miwili kabla ya jaribio la pili alichota majivu jikoni akachora mto katikati ya ua wetu. Akaleta mbao mbili, kamba, na pipa langu la maji, tupu.

"Bibi, huu ni mto. Tunavuka na pipa bila kugusa maji. Ubao mmoja haufiki ng'ambo. Vifaa walivyotupatia kule Kingston ni hivi hivi."

"Sogea," nikasema. Nikalikumbatia pipa, nikaliinua hadi kifuani, nikatia mguu ubaoni. Ubao ukapinduka. Nikakaa katikati ya mto na pipa mapajani.

Linval hakucheka. Alisema polepole, "Ndivyo nilivyofanya, Bibi. Hivyo hivyo kabisa. Wenzangu watatu wamesimama, mimi nimekumbatia pipa."

Neno lile liliniingia. Nilijipangusa majivu.

Kumbe Swaby alikuwa anachungulia juu ya ua. "Mto huo una mamba?" akauliza. "Naona mmoja amekaa."

"Bwana Swaby!" Linval akamwita. "Tumepungukiwa na mtu. Njoo utusaidie." Hakuniuliza.

Swaby akaja, suruali kaifunga kwa kamba. Mimi sikumtazama.

"Linval, mwambie huyo mtu ashike ubao vizuri."

"Kijana, mwambie huyo mama asikanyage kidole changu."

"Mwambie vidole vyake viko mahali pa miguu yangu."

"Kimya wote wawili!" Linval akaamrisha. Kwa sauti sijapata kuisikia. "Bwana Swaby, kalia mwisho wa ubao. Bibi, wewe mwepesi, tembea na kamba. Pipa siligusi mimi."

Nikatembea. Yule mzee alikuwa mzito kama jiwe la kusagia na ubao haukutikisika. Tulivuka Jumamosi ile, na iliyofuata, na zile zote zilizobaki, nami sikumpa Swaby hata salamu.

Linval akaenda Kingston, akarudi, na kabla ya majibu jeshi la akiba likampeleka kambini wiki mbili. Akaniagiza, "Barua ikija ina tarehe, Bibi. Nisipothibitisha kabla ya tarehe hiyo, nafasi anapewa mwingine. Mpe Bwana Swaby aisome, anipigie simu kutoka dukani kwa Chin."

"Nitampa mchungaji."

"Mchungaji yuko huku Jumapili tu."

"Nenda kambini, niachie mambo yangu."

Barua ikaja Jumanne. Nikaitia chini ya Biblia. Jumatano nikafua nguo zilizokuwa safi. Alhamisi nikaichana. Maneno hayakunipa kitu, maana kusoma sikufundishwa, lakini tarakimu nazijua: moja ilisema ishirini na moja, na Alhamisi ile ilikuwa ishirini.

Nikakaa kitandani. Nikamwona Linval amekumbatia pipa.

Swaby alikuwa anachimbua viazi vikuu. Nilisimama uani kwake.

"Swaby."

Hakugeuka.

"Swaby! Masikioni umepanda viazi?"

"Nani huyo? Sauti hiyo niliizika miaka kumi na moja iliyopita."

"Nisomee hii."

"Linval je?"

"Angekuwepo, ningekuja kwako?"

Akaegemea jembe lake, mzee mbaya yule, akasubiri. Nilijua anasubiri nini.

"Nisaidie," nikasema. Lilinikwaruza koo kama mwiba wa samaki.

Hakunicheka. Alipangusa mikono, akavaa miwani iliyofungwa uzi, akasoma midomo ikicheza tu.

"Soma kwa sauti, utaniua!"

"Wamemchukua, Icilda. Athibitishe kesho kabla ya saa sita mchana." Kofia alikuwa keshaivaa.

Tulikwenda kwa Chin pamoja. Kwenye mlima pumzi zilimwishia, akanishika bega, sikumkataza. Simu ikalia kambini, wakamwita Linval.

"Bibi? Nani kakusomea?"

"Unamjua."

Akacheka. "Na ulimwomba kwa adabu?"

"Pokea nafasi yako uache kunichokoza."

Alisafirishwa ng'ambo kusoma uofisa, na nyumba ikawa kimya hadi nikasikia mkaa ukipoa ndani ya pasi. Swaby tulimzika zamani, katika suruali niliyoitia wanga mimi. Mbao mbili bado zinaegemea jiko langu, na yeyote anayetaka kuzifanya kuni atanikuta.

Miezi mitatu baada ya Linval kuondoka, Swaby akiwa bado hai, tangi langu lilipasuka tena palepale. Nikachukua ndoo, nikaweka kata kichwani, nikafika langoni. Nikasimama kidogo, maana watu walikuwa wanapita.

Kisha nikageuka kushoto.