Nilibangua korosho za moto bila majivu, kanisa likasema ni neema

Wakuu, mlionizidi umri shikamooni, ingawa sidhani kama mmo humu. Wengine wote marahaba.

Mimi ni bibi wa miaka themanini na kitu, mzaliwa wa Mandawa, Ruangwa. Naandika kwa vidole vinane na nakosea kosea, mnivumilie. Haya yalinipata mwenyewe, sikusimuliwa na mtu.

Juzi kuna mdau alileta uzi kwamba Mkristo mwenye imani ya kweli hateseki, na akiumwa basi ajichunguze. Wengi mkaandika amina. Mimi nilimkumbuka baba yangu.

Baba alikuwa katekista. Wazazi wake walihamia kwetu kutoka Msumbiji. Kabla yangu alikuwa amezika watoto wawili, na wanasema kaburini hakudondosha chozi. Aliamini Mkristo anabeba msalaba wake kimya kimya.

Kwa hiyo nyumbani kwetu kulia ilikuwa marufuku. Ukijikwaa unasema "Asante Yesu" na kuendelea na safari. Msicheke, ndivyo tulivyolelewa.

Mama alikuwa anachoma korosho na kwenda kuziuza Nachingwea. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya hamsini. Skimu ya karanga, yale mashamba makubwa ya Waingereza, ilikuwa imeshavunjika na matrekta yanaliwa na kutu, lakini mjini bado kulikuwa na watu, na korosho walizipenda.

Kwa msiozijua korosho zaidi ya zile za kwenye pakiti: ganda lake lina mafuta yanayobabua ngozi vibaya sana. Unazichoma juu ya bati, mafuta yanashika moto, unazimwagia mchanga, ndipo unabangua. Kabla ya kugusa unapaka mikono majivu. Ukisahau, utashinda umeitumbukiza kwenye maji.

Siku moja, nikiwa na miaka kama kumi na miwili, nilibangua kabla hazijapoa na bila majivu. Nilisahau tu, mama alikuwa ananipigia stori.

Yeye ndiye aliyeona. Vidole viwili vya mwisho vya mkono wa kushoto vilikuwa vimebabuka mpaka nyama nyekundu inaonekana, na mimi naendelea kubangua.

Akaniuliza kama siumii. Nikasema siumii. Ilikuwa kweli.

Baba alipoambiwa alipiga magoti palepale juu ya maganda. Jumapili akanisimamisha mbele ya kanisa, akauinua mkono wangu uliofungwa kitambaa, akawaambia waumini kwamba Mungu amemwondolea mtoto huyu maumivu kwa ajili ya imani. Watu wakaimba. Baada ya ibada akina mama wakaanza kuniletea watoto wao wagonjwa niwaguse.

Nilifurahi, sitawadanganya. Baba hakuwahi kunitazama vile maishani mwangu.

Furaha ilidumu kama wiki mbili.

Siku hiyo nilikuwa peke yangu shambani. Nikachuma mwiba, nikauchomeka kwenye kidole kidogo cha kushoto. Ukazama. Damu ikatoka. Sikusikia kitu. Nikajichoma cha kulia, nikaruka. Nikakaa chini kwenye ufuta nikiwaza: kama hii ni imani, mbona imekaa kwenye vidole viwili tu?

Na kulikuwa na jambo jingine ambalo sikumwambia mtu. Karibu na kiwiko nilikuwa na baka, pamepauka, pakavu, jua likiwaka hapatoki jasho. Nilikuwa nalificha kwa mkono wa gauni.

Nje ya kijiji chetu aliishi mzee mmoja peke yake, mikono yake imebaki viganja. Chakula alikuwa anawekewa njiani. Sisi watoto tulipita pale mbio. Sasa nikawa namkumbuka kila nikinawa.

Wakuu, hofu ile sijapata kuiona tena. Nikisema, napelekwa kwa wakoma na baba anaaibika mbele ya kanisa zima. Nikinyamaza, nabaki mtoto wa miujiza huku vidole vinaoza. Nikanyamaza. Kidole cha tatu nacho kikaanza ganzi, bado nikanyamaza. Na watoto walikuwa bado wanaletwa. Nikawa nawagusa kwa mkono wa kulia, tena kwa ncha za vidole.

Aliyeniokoa ni jirani yetu Mama Somoe, Mmwera, Mwislamu wa swala tano. Alikuja kuazima ungo, akasikia harufu. Hakuomba ruhusa, alikifungua tu kile kitambaa.

Akamgeukia mama. "Mama Agnesi, mtoto anaungua hasikii, nanyi mnashukuru? Huyu mgonjwa. Mpeleke."

Baba alikasirika, akasema watu wasiingilie imani yetu. Mama hakuwahi kumpinga mumewe hata siku moja. Siku ile hakubishana pia. Alijifunga khanga, akanishika mkono, tukatembea mpaka Ruangwa, tukapata lori la mizigo hadi Nachingwea.

Kwenye zahanati tulipokewa na dresa, ndivyo tulivyowaita wauguzi wa zamani. Alinifunga kitambaa machoni, akasema atakuwa ananigusa mkono kwa unyoya wa kuku, na kila nikiguswa nionyeshe mahali.

Nikaamua kudanganya. Nilitega sikio nisikie pumzi yake, nikawa nabahatisha. Nikaonyesha hapa, nikaonyesha pale, nikaonyesha na kidole kidogo.

Akanifungua macho taratibu. "Binti," akasema, "bado sijakugusa."

Mama alikaa chini sakafuni.

Ulikuwa ukoma. Nikapelekwa kambi ya wakoma, nikaanza vidonge ambavyo wakati huo vilikuwa vigeni kwetu. Vidole viwili havikupona, vilikatwa. Cha tatu wakasema tusubiri tuone.

Mama ndiye aliyenisimulia kilichotokea kanisani. Baba alisimama pale pale aliponisimamisha mimi, akawaambia watu kwamba alimshukuru Mungu huku mtoto wake anaoza. Akasema Yesu mwenyewe msalabani alilia kwa sauti kubwa, na hakuna anayethubutu kusema alikosa imani. Halafu naye akalia, mbele za watu wote. Wengine walihama kanisa, wakisema katekista amechanganyikiwa.

Alikuja kunitembelea baada ya kama mwaka mmoja. Nilikuwa jikoni nageuza ugali. Kile kidole cha tatu kikagusa sufuria.

Nikapiga ukelele, "Mama weee!" Hapohapo nikaganda, kwa sababu baba alikuwa mlangoni. Nikaanza kusema "Asante Yesu" kama nilivyofundishwa.

Baba akaja akanishika mkono. "Umesikia?"

"Nimesikia, baba. Inauma."

"Basi lia, mwanangu. Lia kabisa."

Nikalia. Yeye akalia zaidi yangu. Ugali ukaungua na wenzangu wakatununia.

Sasa mdau wa juzi, sikukejeli. Kwa nini Mungu anaruhusu mateso, mimi sijui, na baba alikufa hajui. Ninachojua ni kwamba nilipokuwa naoza sikusikia kitu, na nilipoanza kupona niliumia. Kwa hiyo mtu akikuambia anaumwa, usimpime imani. Kaa naye, kisha mpeleke hospitali.

Kama na wewe uliwahi kunyamazishwa kuhusu ugonjwa wako kwa jina la Mungu, andika hapa chini tusomane. Na mnaonipinga karibuni, ila mkumbuke mnamjibu bibi.

Mimi mpaka leo naogopa. Kila nikiamka, kabla ya sala, najifinya vidole kimoja kimoja.

Leo vyote vinane vimeuma. Ndipo nikasali.