Malaria ya Siku ya Mbio

Mnisamehe kwa mwandiko mbaya na makosa ya tahajia. Niliishia darasa la saba, na ninaandika polepole.

Kwetu Uluguru nilikimbia kwenda shule ndani ya ukungu. Sikuiona miguu yangu, nikadhani njia ndiyo inayokimbia.

Kisha nilichaguliwa kuiwakilisha wilaya. Siku ya mashindano, wenzangu walipoanza kuimba jina langu, nilitetemeka, jasho likanitoka, moyo ukapiga mpaka masikioni.

"Malaria hiyo," alisema mwalimu wa michezo, akanipa klorokwini. Ilikuwa chungu, kisha ikaniwasha mwili mzima. Wenzangu walikimbia, mimi najikuna. Mara ya pili ikawa vilevile.

"Bingwa, mbu wako wana ratiba ya michezo?" wasichana wenzangu kwenye kambi ya wakimbiaji walinitania. Nilicheka nao.

Mara ya tatu mjomba alishuka kutoka mlimani. Kwetu mjomba ndiye mwenye neno juu ya watoto wa dada yake, kwa hiyo nilimwogopa kuliko mwalimu. Miaka ile mitumba ilikuwa imeanza kujaa sokoni mjini, naye alikuwa amenichagulia raba nyeupe kwenye lundo. Alinikuta nimejilaza mkekani, mwalimu ameshika vidonge.

Aliniwekea kiganja kwenye paji la uso.

"Mwalimu, mbona huyu wa baridi?" Akaniinamia, akaniita kama anavyowaita wapwa zake wa kike: "Mama, unaumwa au unaogopa?"

Raba zilikuwa mbele yangu. Niliona nikisema kweli, atazirudisha, na mimi sitakuwa tena yule wanayemsifu kijijini.

"Naogopa, mjomba. Nikikimbia peke yangu sitetemeki."

Akamgeukia mwalimu. "Sasa vidonge vya nini? Leo hakimbii."

Tulipanda nyumbani taratibu, raba zikining'inia shingoni mwake. Hakunisema. Njiani wingu lilishuka likatufunika, hata migomba ikapotea.

"Zivae," alisema. "Hapa hakuna anayekuona. Hata mimi sikuoni."

Zilikuwa kubwa kidogo. Nikakimbia, na nyuma yangu, mahali fulani kwenye weupe ule, nikamsikia anakohoa na kucheka.

Sikushindana tena. Kutetemeka bado hunijia, hata sasa nikiitwa mbele za watu, lakini sinywi dawa ya homa.

Kama nawe uliwahi kumeza vidonge kwa ugonjwa ambao hukuwa nao, tafadhali niandikie. Nitajibu, ila nitachelewa.