Laini Walisema Hawamjui Baba Yangu

Mnaojisifu kwamba mmeona misiba ya ajabu, vuteni kiti kwanza.

Siku tunamzika baba yangu, mama mmoja wa miaka sabini kasoro kidogo alishuka kaburini kabla ya jeneza. Amevaa koti la mvua la marehemu na buti zake. Akajilaza chali, akafumba macho.

"Simpishi mtu!" akapiga kelele kutoka humo ndani. "Tobia alikuwa mvivu, kaburi lote hili la nini? Mpeni kona tu, atalala!"

Watu wakaangua kicheko. Msibani.

Mchungaji ni mwenyeji wa huko. Akafunga kitabu chake, akasogea pembeni kusubiri.

Ni mimi tu sikucheka. Nilikuwa nimekuja na wenzangu wanne wa ofisini kutoka Dodoma, nimepiga suti nyeusi, nikaona aibu mpaka masikio yakapata moto.

Nikasogea ukingoni. "Mama, hapa tuna wageni. Tumheshimu marehemu."

Kicheko kikakatika.

Bi Hawa, ndilo jina lake, akafumbua macho akanitazama. Akanyoosha mkono avutwe. Akavua buti na koti, akalikunja koti vizuri, akampa mama yangu vyote viwili.

"Pole, Evelina," akasema.

Akaondoka. Nyuma yake wakaondoka watu wote wa Laini, mtaa wake.

Tukamaliza kuzika kwa utulivu wa hali ya juu. Wenzangu walisifia sana ratiba.

Mama hakunisemesha mpaka kesho yake, na aliponisemesha alisema hivi: "Sefania, umemzika baba yako kama maiti iliyookotwa barabarani."

Nikajua ni uchungu tu. Kumbe nimeyakanyaga.

Sasa niwaeleze kwetu, la sivyo hamtanielewa.

Jina la mahali naliweka kapuni, maana watu wa kwetu wanasoma humu na hawajamaliza kunicheka. Ni huko juu, ukishaipita Bumbuli, kwenye ukungu. Kampuni ya chai ilifika kabla ya barabara. Ikajenga kiwanda, ikajenga zahanati, halafu ikatupanga watu kama inavyopanga chai, kila daraja na gunia lake.

Mlimani kabisa Uzunguni, wakakaa mabosi.

Chini yake Kota. Mafundi, makarani na wanyapara. Nyumba za matofali, kila nyumba na tangi lake la maji.

Chini ya Kota, Laini. Vyumba vimeunganishwa mstari mrefu kama mabehewa, vya wachuma chai waliotoka Njombe, Kigoma, mpaka Burundi huko. Bomba moja kwa watu wote.

Na Bondeni kabisa, Washambaa wenye kabeji zao, waliokuja kazini siku wanayojisikia. Kampuni iliwachukia hao kwa moyo wote.

Mabosi wa Uzunguni walikuja na kuondoka, hakuna aliyehangaika nao. Ila Kota na Laini walishikana utani. Laini waliwaita wa Kota "mapangusa mashine". Kota wakawaita wa Laini "wana wa foleni", kwa sababu ya lile bomba. Mimi mwenyewe, mtoto wa Kota, utotoni nilikuwa bingwa wa kuwapigia kelele hiyo watoto wa Laini.

Utani ukageuka sheria. Mtu wa Kota anazikwa na Laini, mtu wa Laini anazikwa na Kota. Mtani anavaa nguo za marehemu, anatembea mwendo wake, anamwaga aibu zake zote. Halafu anasema mbele za watu marehemu aliingia lini, alilala chumba kipi, alihama mwaka gani.

Kiwanda kilipofungwa, mafaili yaliliwa na mchwa. Historia ya mji mzima ikabaki midomoni mwa watani.

Mimi na digrii zangu mbili niliuona huo ni ushamba.

Miezi miwili baada ya mazishi, mama akapiga simu. "Njoo. Nyumba inaondoka."

Nyumba zile za kampuni zilikuwa zinagawiwa rasmi kwa wanaozikaa. Kwa kuwa hakuna karatasi, kila familia ilete mashahidi wawili wazee, tena wa mtaa mwingine, ili watu wasibebane. Kwenye nyumba yetu, namba kumi na nne, amejitokeza kijana anaitwa Valentino. Anasema mjomba wake Zabron, karani wa zamani, ndiye mwenye nyumba, na baba yangu alikuwa mpangaji tu.

Zimebaki siku tisa za kuleta mashahidi. Mama ana miaka sabini na mbili. Akitolewa pale anakwenda wapi?

Nikashuka Laini mbio. Nikaanza kwa mzee Abubakari.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, baba. Karibu chai."

"Mzee, naomba unitolee ushahidi wa baba yangu, Tobia."

"Tobia yupi?"

"Tobia wa boila la kiwanda! Mmecheza bao miaka thelathini!"

Akafikiri kidogo. "Ahaa, yule. Yule sisi hatujamzika. Labda yuko safarini."

Nikaenda kwa Bi Rahma. "Tobia? Jina si geni," akasema, akanimiminia kikombe.

Nyumba ya tatu, ya nne, ya sita. Chai nilipewa kote, ushahidi sikupewa popote. Nilikunywa vikombe sita siku hiyo, na wote walinijibu kwa upole ambao ulikuwa unaniua.

Mwisho nikafika kwa Bi Hawa. Anachambua maharage.

"Shikamoo mama. Nimekuja kuomba radhi."

"Marahaba. Umekosa nini?"

"Nilikutoa... nilikutoa kazini."

"Kazini wapi?"

"Kaburini, mama."

Akacheka mpaka ungo ukamponyoka. Kisha akajifuta macho. "Kaburi limeshafukiwa, mwanangu, siwezi kuingia tena. Itabidi wewe ndiye uwe marehemu. Jumamosi asubuhi, getini kiwandani. Uje na koti na buti."

Nikaona isiwe tabu.

Jumamosi mji mzima ulikuwa getini. Bi Jenoveva, katibu wa kamati ya nyumba, amekuja na daftari lake. Valentino naye yupo, amekunja mikono.

Buti za baba ni namba nane, mimi navaa kumi. Mnaweza kupiga picha wenyewe.

"Shusha bega la kushoto!" Bi Hawa akanikemea. "Baba yako hakutembea kama afisa!"

Nikashusha bega. Vigelegele.

"Hapa getini," akaanza, "Tobia aliingia mwaka sabini na nne, ana shuka moja na jogoo. Mnyapara akampokea jogoo, yeye akaambiwa arudi kesho!"

Tukafika kwenye banda la mizani. "Hapa aliweka jiwe kwenye kikapu cha majani ili kizidi uzito. Jiwe likamwangukia karani mguuni. Ndiyo maana akatupwa boila kubeba kuni. Nyie mkadhani alipandishwa cheo!"

Mimi nilikuwa mmoja wa waliodhani hivyo. Nimewahi kuwahadithia watu ofisini.

Tukaingia Laini. Akasimama mbele ya mlango mmoja.

"Chumba namba sita. Hapa Tobia alikaa miaka tisa. Na humu ndani, kwa mikono yangu hii miwili, alizaliwa huyu marehemu wetu wa leo, akapiga kelele kushinda king'ora cha kiwanda!"

Nikageuka kumtazama mama. Mama akaangalia mbinguni.

"Mwana wa foleni!" mzee Abubakari akapaza sauti. Watu walikaa chini kabisa kwa kucheka.

Tukapanda Kota mpaka namba kumi na nne.

"Hapa alihamia mwaka themanini na tatu, mvua za vuli, baada ya karani Zabron kuhamishiwa upande wa Kwamkoro. Kabati la Zabron nililibeba mimi na Rahma. Mguu mmoja wa hilo kabati ulivunjikia kwenye ngazi hii. Tobia akaingia jioni hiyohiyo, na jioni hiyohiyo tukaanza kumtukana!"

Valentino akashusha mikono.

"Kabati lipo kwangu," akasema polepole. "Mguu mmoja ni tofali. Mimi sikujua mjomba aliondoka lini, niliambiwa tu kwamba nyumba ni yetu." Akamgeukia katibu. "Andika, dada. Nimeridhika."

Bi Hawa akanishika koti kifuani. Sauti ikabadilika.

"Haya, Tobia. Nenda sasa. Umetuchekesha vya kutosha."

Akalia. Laini wote wakalia. Na mimi nililia pale, na buti zinanibana, machozi ambayo siku ya mazishi hayakutoka kwa sababu nilikuwa na kazi ya kuangalia wageni wananionaje.

Mzee Abubakari na Bi Rahma wakatia dole gumba. Nyumba ikawa ya mama.

Mchana tumekaa sebuleni, nikasema, "Mama, tumshukuru Mungu. Laini wamenisamehe, wametoa ushahidi."

"Kwani walikataa wao? Mimi ndiye niliyewakataza."

"Nini?"

"Nilipita nyumba kwa nyumba. Nikawaambia akija mpeni chai, ushahidi msimpe mpaka amzike baba yake."

"Mama! Ungepoteza nyumba!"

"Ningehamia Laini. Vyumba vipo na watu nawajua." Akasogeza kikombe chake. "Lakini baba yako, nani angemzika tena?"

Nikamwongezea chai.

Wazee, mimi sina mafundisho mengi. Anayekusifu huenda hakujui. Anayekutania hadharani, kwa mwaka na kwa chumba, huyo ameyashika maisha yako. Usimnyamazishe kwa sababu ya suti.

Siku hizi nikirudi nyumbani, Laini hawaniiti afisa wala Sefania. Wananiita Chumba Namba Sita.

Naitika.