Moto wa mazutu katika tanuru letu

Mimi na mama tulikuwa tukioka mikate kwa kuni nyuma ya nyumba yetu, mtaani Makiso. Mvua ikinyesha kuni zinalowa, na moshi unatutoa machozi tangu alfajiri. Mdogo wangu anaishi Ubelgiji, na kazi yake ni kutunza mashine za kupasha nyumba joto. Siku moja akatutumia brûleur iliyotolewa katika nyumba moja ya huko, chombo kinachopuliza mazutu, yaani mafuta ya dizeli, na kuyawasha. Nikasema nitaifunga mwenyewe kwenye tanuru.

Nilipoifunga na kuwasha jenereta ya kuipa umeme mara ya kwanza, ulitoka moshi mweusi mpaka mama akakimbilia barabarani. Nikampigia mdogo wangu kwa video.

"Yaya, toa gicleur," akaniambia, maana kwetu ndugu mkubwa huitwa yaya. "Ile ya shaba, ndogo, pale mbele. Mazutu inapitia pale."

Nikaifungua. Tundu lake lilikuwa dogo hata nililitafuta kwa kuielekeza kwenye jua. Nikachukua sindano nilizibue.

"Acha sindano. Tundu ikipanuka, mazutu itamwagika, haitatoka kama ukungu. Tupa hiyo. Mupya iko ndani ya karton. Na mazutu, mulichuja?"

Mama akanitazama. Tulikuwa tumeyamimina moja kwa moja kutoka kwenye pipa.

Basi tukayachuja kwa kitambaa safi. Nikafunga gicleur mpya kwa funguo mbili za kukazia nati, mmoja ukishikilia, mwingine ukikaza, bila kutumia nguvu nyingi. Nikatoa hewa kwenye pampu ya brûleur. Mazutu yakanirukia kifuani. Nikabonyeza swichi. Feni ikanguruma, cheche zikalia, kisha ndani ya tanuru ukalipuka mwanga wa manjano, safi, bila moshi. Mama alinikamata mabega akanitikisa.

"Iko inawaka, mutoto yangu! Ona, iko inawaka!"

Tulicheza pale pale kwenye unga, na simu mkononi, mdogo wangu akicheka huko kwenye baridi yake.

Mikate ya kwanza iliungua upande mmoja, kwa kuwa ndimi za moto ziliifikia. Tukala sehemu iliyopona, na chai, tukiwa na furaha kama watu wa arusi. Kesho yake tukajenga ukuta mdogo wa matofali mbele ya moto, na mikate ikaiva sawasawa.

Sasa waokaji wa kule Bengamisa wananiita niwafungie brûleur za kwao. Napanda pikipiki na mfuko wa funguo, na kila nikibonyeza swichi, moyo bado unanienda mbio.