Nafasi ya Vidole Viwili

Shamba la mkonge nililofanyia kazi wakati wa Mjerumani lilikuwa upande wa Mikese, chini ya milima. Maji ya kuoshea singa, yaani nyuzi za mkonge, yalitoka kwenye kijito, na kijito hichohicho ndicho kilicholisha mfereji wa mjomba wangu, kaka wa mama yangu. Mjomba ndiye aliyekuwa mwenye mfereji, yaani mtu anayepanga nani amwagilie lini. Nyumba za ukoo wetu zililima maharage na mboga kandokando ya mfereji ule, na kiangazi hazikuwa na maji mengine.

Makubaliano na Wazungu yalikuwa hivi. Kiwanda kichukue maji kwa bomba tangu alfajiri hadi adhuhuri. Baada ya hapo bomba lifungwe, maji yajae nyuma ya ukuta wa mawe uliokizuia kijito mpaka yafikie mdomo wa mfereji. Bomba lisipofungika, maji hayapandi.

Mimi nilikuwa karani wa stoo. Nilikuwa nimesoma shule ya serikali pwani, na Kijerumani changu kilitosha kusoma vitabu vya vifaa. Bwana fundi, Mjerumani mnene aliyeangalia mitambo, aliniweka mezani kwake tuchague vali ya bomba lile.

"Maji ya kwenu yana nini?"

"Mchanga, bwana. Na ulanga."

Vijito vyetu hubeba vipande vya ulanga vinavyometa kama magamba ya samaki. Kwa hiyo koki ya kugeuza tuliikataa, mchanga ungeikwaruza na kuikwamisha. Kulikuwa na nyingine ambayo maji hupindapinda ndani yake, nikasema tope litatua kwenye zile kona. Ikabaki ile ya bamba la shaba linaloshuka kama mlango. Bamba likiwa juu, maji hupita moja kwa moja, hayana pa kutulia.

"Lakini hii," alisema bwana fundi, kidole juu, "ama wazi, ama imefungwa. Katikati, hapana."

Nikaandika maneno hayo chini ya agizo. Hata leo nasema kwa maji yale ilikuwa vali ya kufaa. Tuliuliza habari za mchanga, unene wa bomba na nguvu ya maji. Habari za mkono utakaoizungusha hatukuuliza.

Ilipofika kwa treni na kufungwa pale kijitoni, kazi ya kuizungusha alipewa mjomba, kwa sababu watu walimwamini. Nilikwenda kumfundisha.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Ndilo hili gurudumu? Dogo hivi! Nilidhani mtaniletea na gari lake."

"Adhuhuri unazungusha kulia mpaka ligome."

"Kama namkaba mtu."

"Mpaka ligome, mjomba."

"Nimesikia, karani. Hata ng'ambo wamekusikia."

Kwetu mfereji haufungwi kabisa. Zamu ya mwenzako ikiisha unaziba njia yake kwa kipande cha mgomba na udongo, halafu unaacha nafasi ya vidole viwili. Maji kidogo yanaendelea kumfuata, asionekane amefukuzwa. Nimefanya hivyo kwa mikono yangu tangu nikiwa mdogo. Nililijua jambo hilo kama ninavyolijua jina la mama yangu, na siku ile pale kijitoni halikunijia.

Mwaka wa kwanza hakuna aliyeona kitu, maji yalikuwa mengi. Kiangazi cha pili mjomba alifunga bomba adhuhuri na maji hayakupanda. Akazungusha gurudumu mpaka likagoma kweli, akalikaza tena kwa nguvu za wanaume wawili. Mfereji ukabaki na tope tu.

Bwana fundi aliifungua vali, akaiweka juu ya jiwe. Pale bamba linapokalia palikuwa na mfuo, umelika vizuri kama uliochongwa kwa tupa. Aliniambia mchanga umepita kwenye upenyo mwembamba mwaka mzima ukila shaba. Akaniagiza nimuulize mjomba kama alikuwa akifunga mpaka mwisho.

"Nilikuwa nawaachia kidogo," mjomba akasema. "Si na ninyi mna watu wanaoosha huko? Niwafungie kabisa, tungekuwa watu wa namna gani?"

Nilitafsiri. Bwana fundi hakucheka wala hakugomba. Alikaa chini, akaniomba karatasi, akaandika agizo la vali nyingine.

Bwana mkubwa wa shamba alilikataa. Alisema maji yanayovuja yanavujia kiwandani, sasa hasara iko wapi? Akanituma nikaeleze.

"Vali mpya haitakuja," nilimwambia mjomba.

"Mwaka huu?"

"Haitakuja."

Aliutazama ule mfuo, akapitisha ukucha ndani yake. Kesho yake alijaribu kuziba bomba kwa mgomba, kama wazee wetu. Maji yaliuvuta ndani, ukatokea vipandevipande kwenye birika la kuoshea singa, na mitambo ikasimama nusu siku. Baada ya hapo askari aliwekwa kijitoni, na mjomba akakatazwa kusogea.

Maharage yalikauka yakiwa na maua. Ukoo wetu ukapanda juu mlimani kuomba ardhi kwa ukoo mwingine. Waliniambia mjomba alikaa nje ya ua wa watu tangu asubuhi hadi jioni, akingoja kuonyeshwa pa kulima, yeye aliyekuwa akiwapangia wenzake maji. Nilisikiliza habari hiyo nikipaka grisi kwenye vipuri. Nilipomaliza nilinawa mikono nikaenda kula.

Sikukaa sana baada ya hapo. Nilipanga chumba Mwembesongo, nikafuata reli mpaka Tabora, nikarudi, nikaondoka tena. Sasa nimevuka arobaini, na tangu hapo sijamaliza miaka miwili mahali popote. Nikifika mji mgeni hutafuta kwanza mahali wanapogawana maji, nikasimama kuwatazama wanavyoziba.

Mjomba hakunilaumu hata mara moja. Nikiwa bado kule kwenye mkonge, mwanamke mmoja aliyeshuka mlimani kwenda sokoni aliniletea boga kutoka kwa mjomba, la kwanza katika shamba jipya, na salamu kwamba udongo wa huko si mbaya, ila maji ni ya wenyewe. Nililipika, nikalila lote peke yangu kwa siku tatu.