Shikamoo ya Ulingoni

Nimechoka kuulizwa miguu yangu iliumia kwenye pambano gani. Haikuumia kwenye pambano lolote. Nilianza kutembea nayo ikiwa hivi hivi, matege, magoti yameachana kiasi kwamba mwanambuzi anapita katikati bila kugusa. Gendabi, tulikokulia, kisima kilikuwa kimoja. Wataalamu walipokuja kupima maji walisema floraidi imezidi, ndiyo inayopinda mifupa ya watoto na kuyapa meno rangi ya chai. Wakasema hata magadi tunayopikia makande yanayo. Halafu wakapanda gari lao, hao wakaenda zao. Mama akabaki na ndoo yake mlangoni. Yeye ndiye aliyekuwa akituchotea maji yale, na tangu siku ile hakuitazama tena miguu yangu.

Ngumi nilifundishwa na mwalimu wa sekondari aliyehamishiwa Endasak kutoka Tanga. Mtu wa pwani, baridi yetu ilimtesa mwaka mzima, alifundisha na koti. Hakunionea huruma, na kwa hilo namshukuru mpaka leo. Alitundika gunia la pumba kwenye boriti ya ghala la mahindi, akanitazama ninavyosogea, akasema, "Weye kurudi nyuma huwezi. Basi usirudi. Simama hapo hapo, waje wenyewe."

Ndiyo siri yangu yote, hakuna nyingine. Wenzangu walirukaruka, mimi nilisimama kama nguzo ya zizi, na aliyenikaribia nilimpiga mbavuni. Waliokuja kumcheka mwenye matege waliondoka kimya. Ubingwa wa mkoa niliuchukua kwa mtindo huo.

Lakini pambano la kwanza lilikuwa aibu tupu. Mpinzani wangu alikuwa mtu wa makamo, rika la baba yangu mdogo. Kengele ikalia, tukakutana katikati, na mimi, mtoto niliyelelewa vizuri, nikainamisha kichwa nikamwamkia. "Shikamoo." Aliitikia marahaba, nilisikia kabisa, kisha akaniangusha. Watu walicheka mpaka wakashika matumbo. Mwalimu wangu hakucheka. Aliniambia ulingoni hakuna mkubwa wala mdogo, salamu zote ziishie nje ya kamba. Nikasema nimeelewa.

Mama hakuja kwenye pambano hata moja. Alisema hawezi kwenda kutazama watu wakishangilia kosa lake. Nilimweleza mara ngapi kwamba si kosa lake, kwamba kijiji kizima kilikunywa maji yale! Ukishamwambia mtu jambo moja kwa miaka, nawe unachoka, unanyamaza.

Nilipokaribia miaka arobaini magoti yakagoma. Daktari aliniambia mfupa unasagana na mfupa, nikiendelea nitatembea kwa magongo. Nikakubali niache, ila baada ya pambano moja Katesh, mji wa wilaya yetu, na mama awepo. Nilimbembeleza wiki nzima. Nilichotaka ni kitu kimoja tu, aione miguu hii imesimama mpaka mwisho. Kushinda kungekuwa nyongeza. Akaja, akakaa mbele kabisa na mkoba mapajani, akatazama chini.

Safari hii mpinzani alikuwa kijana mrefu kutoka Yaeda Chini, mtoto wa wafugaji. Kengele ikalia. Akanijia, akainamisha kichwa kidogo, akasema, "Shikamoo, mzee."

Mzee! Hiyo peke yake iliuma kuliko ngumi. Lakini kwetu shikamoo haiachwi hewani. Hata uwe umebeba kuni kichwani, unasimama, unaitikia kwanza. Mikono yangu ikashuka yenyewe. "Mara..." nikaanza, kinga ya meno mdomoni, na ngumi yake ikafika kabla sijamaliza neno.

Kama alitumwa na kocha wake, au aliniamkia kwa moyo halafu akakumbuka kazi, sijui. Watu wa Katesh wanabishana mpaka leo. Mimi nimechoka kubishana.

Nilikuwa chini, mgongo sakafuni. Nasema kweli, ile sakafu ilikuwa tamu. Nilitamani nilale pale pale, waniache, wazime na taa. Mtu mwenye magoti kama yangu hainuki kama wengine. Anajigeuza kifudifudi kwanza, anasukuma kwa mikono, kisha anajipandia mwenyewe kwa viganja, kutoka gotini hadi pajani. Nilipojigeuza nikamwona mama. Alikuwa ameinua uso, anaitazama miguu yangu. Miaka yote ile, na amechagua wakati imelala! Nilikasirika. Mwamuzi alikuwa anahesabu juu ya kichwa changu, nami nikapanda, mkono, goti, paja, nikisikia mifupa inasagika, mpaka nikasimama.

Kijana akaja kunimaliza, kama walivyokuja wote, na mimi kama kawaida sikuwa na pa kwenda. Nikamwacha afike karibu, nikampiga chini ya mbavu za kulia, kwenye ini. Akapiga magoti anatafuta pumzi. Akahesabiwa hadi mwisho na hakuinuka. Nikamwinamia.

"Marahaba," nikamwambia. "Marahaba, kijana wangu." Akatikisa kichwa kwamba amesikia.

Ngazi za ulingo nilishuka ubavuubavu, nimeshika kamba. Mama alikuwa ameshafika chini.

"Shikamoo, mama."

Hakuitikia. Mama yangu, ambaye hajawahi kuacha shikamoo ya mtu yeyote, hata ya mlevi, hakuitikia. Aliinama mbele ya watu wote, akaweka viganja vyake kwenye magoti yangu yaliyovimba, akaviacha hapo.

"Imesimama, nimeona," akasema. "Sasa ipumzike."

Nikakaa kwenye ngazi, nikampa mikono anifungue glovu.